Njugu Zipi?

Mama Kidoti alirusha karanga juu kwa ungo, akapuliza. Maganda mekundu yaliruka, yakatua kichwani kwa mwanawe.

"Mama, nimeota kutu!" alisema mtoto.

"Sogea basi. Nani alikuambia ukae upepo unakokwenda?"

Mtoto alicheka, akajikung'uta nywele. Walimwita Kidoti kwa sababu ya doa dogo jeusi shavuni. Alikuwa darasa la pili.

Mama yake alisaga unga wa uji. Chumba cha mbele kilikuwa na mashine ndogo, ndoo za nafaka na mizani. Alichanganya mahindi, mtama, karanga na njugu. Njugu kwake zilikuwa zile ngumu za duara, ambazo huchemshwa mpaka mpishi achoke. Majirani wenye watoto wadogo walinunua unga huo.

Baba Kidoti alikuwa fundi viatu. Alichungulia ndani ya ndoo moja. Ilikuwa tupu.

"Njugu ziko wapi leo?"

"Nimezitoa. Hukusikia tangazo la shule?"

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa amesimama langoni, akawasomea wazazi matangazo. Aliwakumbusha wawakate watoto kucha. Aliwakumbusha waje kwenye mkutano. Kisha akasoma hivi: "Darasa letu lina mtoto anayedhurika akila njugu. Tafadhali, msiwafungie watoto chakula chenye njugu."

Kila mtu alijua mtoto huyo ni nani. Alikuwa Kasuku, rafiki wa Kidoti. Kwao kulikuwa nyumba ya tatu kutoka kwa kina Kidoti. Alipata jina hilo kwa kuongea sana, na habari hii aliisema mwenyewe. "Nikila njugu navimba midomo kama bata!"

"Sasa uji bila njugu utakuwa na nguvu?" aliuliza baba.

"Nimeongeza karanga."

"Basi sawa. Shule ikisema, tusikie."

Asubuhi iliyofuata Mama Kidoti alimfungia mwanawe uji kwenye chupa ya chai. Alifunga kifuniko kwa nguvu.

Wakati wa mapumziko Kidoti na Kasuku walikaa kwenye ngazi ya darasa. Kidoti alifungua chupa. Uji ulinukia.

"Una njugu huo?" aliuliza Kasuku.

"Hauna. Mama ametoa zote. Kwa ajili yako."

"Kweli?"

"Kweli tupu. Nilimwona."

"Basi jaza kikombe, usinibanie."

Kasuku alikunywa. Alipangusa midomo kwa mkono. Halafu akaanza kujikuna shingo.

"Kooni kunawasha," alisema.

Midomo yake ilianza kuvimba. Kidoti alicheka kwanza, akidhani rafiki yake anamwigiza bata. Kisha aliona macho yake yanafumba kwa uvimbe. Kasuku alifungua kinywa aseme, sauti haikutoka. Ilitoka filimbi nyembamba ya pumzi.

"Mwalimu!" Kidoti alipiga kelele. "Mwalimu, njoo!"

Watu walikuja mbio. Mpishi wa shule alileta kikombe cha maziwa.

"Mtoto kalishwa sumu," alisema. "Maziwa yataikata."

Alimmiminia maziwa kinywani. Kasuku alipaliwa. Maziwa yalimtoka puani. Uso ulibadilika rangi.

"Acha! Acha, anapaliwa!" alisema mwalimu. Alimwinua mtoto, akamkalisha. Mtu mmoja alisimamisha pikipiki barabarani. Mwalimu alipanda nyuma akiwa amemkumbatia Kasuku wima, na pikipiki ikaondoka kuelekea hospitali.

Mama Kidoti aliletewa habari na jirani. "Mtoto wa mwenzio amekunywa uji wako. Wanasema ni sumu."

Alikimbia hivyo hivyo, mikono ikiwa na unga.

Mama Kasuku alikuwa fundi cherehani. Alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali, utepe wa kupimia bado shingoni. Alipomwona Mama Kidoti, alisimama.

"Umemwekea nini mwanangu?"

"Uji tu, dada. Uji ule ule."

"Nilikuambia njugu! Nilikuambia kwa mdomo wangu, na shule ikatangaza!"

"Sikuweka njugu, naapa. Nilizitoa zote. Nikaongeza karanga."

Mama Kasuku alimtazama. "Unasemaje?"

"Nikaongeza karanga."

"Karanga ndiyo njugu!"

"Njugu ni zile ngumu, za kuchemsha…"

"Kwetu karanga ndiyo njugu! Toka nizaliwe tunaita njugu!"

Mama Kidoti alitazama mikono yake.

Mwalimu alikuwa amesimama ukutani. Nguo yake ilikuwa na maziwa. "Hata kwetu tunaita njugu," alisema polepole. "Nilisoma tangazo mimi. Sikufikiria kwamba kuna mtu anayeita vingine."

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi alitoka. Mama Kasuku alimshika mkono.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Tumemchoma sindano pajani. Bado anapumua kwa shida. Hatumwachi peke yake hata kidogo."

"Ni sumu?"

"Si sumu. Wewe na mimi tukila karanga, tunashiba. Mwili wa mtoto huyu unazipiga vita. Ndiyo maana anavimba. Koo likivimba, hewa haina pa kupita."

"Zamani alikuwa anavimba midomo tu," alisema Mama Kasuku.

"Mara moja midomo, mara nyingine koo. Huwezi kujua. Hata unga kidogo uliobaki kwenye mashine unaweza kumdhuru."

Mwalimu aliuliza, "Na maziwa?"

"Hayasaidii. Mtoto ambaye koo linafunga msimpe kitu cha kunywa wala kula. Kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mlazeni, miguu juu. Akishindwa kupumua, mkalisheni. Asisimame wala asitembee. Na mleteni haraka, kama ulivyofanya wewe. Mngesubiri kidogo, tungekuwa tunaongea mengine."

Mama Kasuku alirudi kukaa kwenye benchi.

Jioni uvimbe ulirudi. Wauguzi waliingia chumbani kwa haraka, mlango ukafungwa. Mama Kasuku alikaa sakafuni. Mama Kidoti alitaka kumshika bega. Mwenzake aliusukuma mkono wake.

"Nenda kwako," alisema. "Nenda, nisije nikasema neno."

Mama Kidoti alirudi nyumbani. Mwanawe alikuwa hajala.

"Mama, nimemuua Kasuku?"

"Hapana. Hajafa. Na wewe hukukosea, nilikosea mimi."

"Atakufa?"

Mama alitaka kusema hapana. "Sijui, mwanangu. Wanamtibu. Hatujui bado."

Kasuku hakufa. Walimchoma sindano ya pili, na asubuhi alianza kupumua vizuri. Alikaa hospitali mpaka daktari aliporidhika. Alirudi nyumbani mnyonge, sauti imekwaruza. Alikuwa akiogopa kula. Kila kijiko alikitazama kwanza, akamuuliza mama yake mara mbili.

Mtaani wengine waliendelea kusema sumu. Wateja walipungua. Mama Kasuku alipita mbele ya mlango wa Mama Kidoti bila salamu.

Shule iliita mkutano. Mwalimu alikuja na sinia. Alishika karanga moja, akaiinua juu.

"Hii mnaiitaje?"

"Karanga!"

"Njugu!"

"Sisi tunasema njugu karanga!"

Watu walicheka. Kisha waliona Mama Kasuku hacheki, wakanyamaza.

Mwalimu alishika punje ngumu ya duara. "Na hii?"

"Njugu mawe."

"Njugu."

"Mmesikia," alisema mwalimu. "Neno moja, vitu viwili. Mimi nilisoma neno, sikuonyesha kitu. Kuanzia leo, tangazo la chakula litakuja na chakula chenyewe mkononi. Mkiwa na jina jingine, semeni hapo hapo. Mtoto huyu hali karanga, nzima, iliyosagwa, wala iliyofichwa ndani ya uji. Tuwafundishe watoto wasibadilishane chakula, hata na rafiki."

Mpishi aliinua mkono. "Na mimi niliyempa maziwa?"

"Ulitaka kumwokoa. Sasa unajua."

Muuguzi alikuja shuleni pia. Aliwafundisha walimu kutambua dalili. Namba ya simu ya hospitali iliandikwa ukutani, kwa herufi kubwa. Kasuku alirudi darasani. Sasa alipewa chakula cha nyumbani kwake peke yake, na Kidoti aliosha mikono kabla ya kukaa naye.

Mama Kidoti aliisugua mashine. Hata hivyo, unga ulibaki kwenye pembe ambazo brashi haifiki. Basi aliamua kwamba mashine hiyo ni ya karanga, na hatamwambia mtu kwamba unga wake hauna karanga. Alichukua kalamu ya wino mzito. Kwenye kila mfuko aliandika: UNA KARANGA, NDIYO NJUGU. Mumewe alimsaidia kupanga mifuko ukutani.

Jua lilikuwa linashuka alipoona mtu mlangoni. Alikuwa Mama Kasuku. Hakuketi. Alichukua mfuko mmoja, akausoma neno kwa neno, midomo ikitembea. Akaurudisha. Akachukua wa pili, akausoma pia.

"Na hii?" Alionyesha rundo lililokuwa pembeni.

"Hiyo bado sijaandika."

"Basi usiuze."

"Siuzi, dada. Mpaka niandike yote."

Mama Kasuku alitazama rundo lile. Lilikuwa kubwa, na mwanga ulikuwa umepungua.

"Huoni vizuri sasa hivi. Utakosea," alisema. "Malizia kesho. Nitapita niisome."