Diski ya Fundi Aliyetangulia

Sikuhadithiwa haya, nilikuwapo. Aliyelala kitandani ni dada yangu wa tumbo moja.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani. Shemeji, mume wa dada, ndiye fundi wa kompyuta wa ile kliniki ya wajawazito. Kompyuta ya Linux iliyotunza picha za vipimo ilikuwa imejaa pomoni, haipokei tena. Dada, niliyemsindikiza kupimwa siku hiyo, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza ziliharibika. Hii tuliilinda kama mboni ya jicho.

Shemeji akatoa kwenye droo diski ya fundi aliyemtangulia, mwanamke aliyefariki akijifungua, yeye na mtoto wake.

"Haba na haba hujaza kibaba," akanitania.

Kazi yenyewe alisema nyepesi: unafuta diski, unaiunga na ile iliyomo ndani, kompyuta inaziona mbili kama ghala moja. Ikamuuliza kama ifute vilivyomo. Akakubali. Mimi sikupenda kugusa kitu cha marehemu.

Dada akapimwa. Mpimaji akatazama kioo cha mashine, akapima tena.

"Mama, mwezi uliopita uliambiwa wangapi?"

"Mmoja."

Kwenye kioo walikuwa wawili. Wa pili moyo wake haukupiga. Lakini aligeuza kichwa, akatuelekea.

Shemeji akakimbilia chumba cha kompyuta kuitoa ile diski, nami nyuma yake. Diski iliyokwisha kuungwa haichomolewi hivi hivi. Kwanza unaiamuru ihamishie vitu vyake kwenye mwenzake, la sivyo picha za watu zinapotea. Akaamuru. Ilikuwa tupu, ilipaswa kumaliza mara moja.

Asilimia tano. Kumi. Thelathini.

"Kuna nini humo?" nikanong'ona.

"Hamna kitu. Nimeifuta mwenyewe."

Arobaini na tisa.

Hamsini.

Dada akapiga yowe chumba cha pili. Shemeji akachomoa.

Tuliporudi, kioo kilionyesha mtoto mmoja, moyo unadunda. Picha za mwaka mzima zilipotea, shemeji akafokewa na mkubwa wake, wala hakujali. Tulikumbatiana tukilia kwa furaha.

Miezi miwili baadaye dada akajifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mimi ndimi niliyempokea mikononi mwa mkunga. Nilikuwa bado namshukuru Mungu mkunga aliponiita pembeni na kunionyesha kondo la nyuma. Kamba mbili za kitovu zilitoka humo. Moja ni ya mtoto wetu, mkunga aliikata dakika ile. Ya pili haikuwa na mtoto. Ilikuwa imekatwa, na mwisho wake ulikwisha kupona siku nyingi.

Shemeji akaja, akaona. Hakuuliza wa pili yuko wapi. Alimtazama mtoto mikononi mwangu mpaka machozi yakamtoka, kisha akaninong'oneza, dada asisikie:

"Huyu ni yupi?"