Nailoni Iliyogusa Jeneza

Kalibu ya kukatia nakshi ilikuwa na ndege wawili. Paskalina alitoa kadi kumi za kwanza za harusi ya mwanawe, akazipanga mezani zikauke, na kila kadi ilikuwa na ndege watatu.

Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena. Watatu vilevile.

Mwingine angeacha hapo. Lakini Paskalina yule wa Kahama, jamani, akianza kitu haachi. Hata uji ukiungua ataumaliza kwanza ndipo alalamike.

Alifanya kazi dukani kwa Mama Khushbu, mke wa Lalji muuza karatasi. Pale kulikuwa na mashine ya mkono: unalaza karatasi juu ya kalibu yenye visu, unazungusha mpini, nakshi inatoka nyembamba kama utando wa buibui. Kazi iko kwenye kuibandika, maana ukiishika kwa vidole inachanika. Basi unalaza nailoni yenye gundi juu yake, unasugua kwa mgongo wa kijiko, unainua nakshi nzima, unaihamishia kwenye kadi, unasugua tena, kisha unabandua nailoni taratibu kuanzia pembeni. Nailoni moja ilihamisha hata nakshi hamsini.

Ila Mama Khushbu alikuwa na sharti lake. "Paskalina, nailoni ya msiba unachoma. Haiingii kwenye harusi."

Sasa mwaka ule wa mvua kubwa, duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, upande wa Segese lilititia likammeza mchimbaji aitwaye Stanslaus. Hakupatikana. Ndugu zake walizika jeneza lenye mgomba ndani badala ya mwili, na Paskalina ndiye aliyepamba kifuniko. Nailoni aliyopambia hakuichoma. Zilikuwa zimebaki mbili, na nyingine mpaka zitoke Nairobi. Akaikunja, akaenda nayo nyumbani, akaitumia kwa kadi za Asteria, binti yake wa pekee. Wenye midomo walisema ni uchoyo. Mimi nasema ni haraka ya mama mwenye bibi harusi ndani. Haya, na uchoyo kidogo.

Asteria alitoka kuoga, mabega wazi, akainama mezani.

"Mama, huyu wa tatu umemtoa wapi?"

Nailoni ikamponyoka Paskalina mkononi, ikamnasa binti kifuani. Walipoibandua, ndege alibaki kwenye ngozi. Karatasi ilikuwa nyeupe. Ndege huyu alikuwa mweusi, na hakutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa.

Siku ya tatu Asteria alinong'ona, "Mama, kuna mtu anagonga."

"Mlangoni?"

"Humu."

Paskalina akaweka sikio kifuani pa mwanawe mchana kweupe, watoto wa jirani wakicheza nje, akasikia nyundo ikigonga mwamba mbali sana chini, ngo, ngo, na kila pigo lilipanda na harufu ya tope bichi la duara, na yule ndege, ambaye asubuhi alikuwa kama ukucha, sasa mabawa yake yalifika kwenye mifupa ya shingo, na Asteria akakohoa, akatema kiganjani udongo mwekundu uliolowa, akautazama kama mtu anayetazama chakula.

Mama Khushbu alipoitwa, alisimama mlangoni, hakuingia.

"Uliichoma?"

"Nilikuwa nataka kuichoma, Mama Khushbu."

"Sikuuliza ulichotaka."

Zikiwa zimebaki siku mbili harusi ifike, akaletwa Mzee Ndaki, mfumu wa kutoa majini, juu ya baiskeli isiyo na breki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeniita kabla ya pilau, mmekosea." Alipomwona binti, mzaha ukamwishia. "Jini la duara hili. Lilifuata jeneza, likakuta mgomba. Linamtaka mtu. Leteni nailoni mpya na kijiko. Lilivyoingia ndivyo litakavyotoka."

Akalaza nailoni, akasugua, akasugua, binti akilia kwa sauti nzito isiyo yake, hadi kugonga kukahamia kwenye kijiko chenyewe, na mzee akabandua kuanzia pembeni, taratibu, jasho likimdondoka, na ndege akatoka mzima. Wakamtupa kwenye jiko la mkaa. Kukanuka tope. Kugonga kukakoma. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Limetoka, baba?" Paskalina aliuliza.

Ndaki alishatoka nje. Paskalina akamfuata na kuku wa shukrani.

"Wewe ni fundi," mzee alisema chini chini. "Ukikata ndege, ukamwinua, karatasi inabaki na nini?"

Yule kuku mzee hakumpokea.

Jumamosi Asteria alipendeza, hakuna mwenye neno. Ukimwita aliitika, ila jibu lilichelewa, kana kwamba limepanda kutoka kina kirefu. Kila alipovuta pumzi kulisikika mluzi mwembamba. Donatus, bwana harusi, akacheka akisema ni upepo kwenye mabati.

Jua la asubuhi liliingia kanisani kwa mlango wa nyuma, likatupa vivuli vya maharusi ukutani. Kivuli cha Donatus kilikuwa kizima. Cha Asteria kilikuwa na tundu kifuani, tundu la ndege aliyekunjua mabawa, na jua lilipita humo, likang'aa.

Paskalina akasogea nyuma yao, akainua kiganja, kivuli chake kikaziba lile tundu. Akasimama hivyo, mkono juu. Watu wakapigana viwiko: tazama, mama anambariki mwanawe.

Padre alikuwa ndiyo kwanza anaanza mahubiri, na mkono ulishaanza kumwishia nguvu.