Kitanda Namba Tisa

Ujumbe ulifika kabla hajabonyeza.

Hilo tu. Mtu mwingine angeona ni jambo dogo, akaendelea na chai yake. Lakini Mama Makosa hakuajiriwa kupuuza. Kazi yake ilikuwa kupima programu za kompyuta kabla hazijapelekwa kwa watu. Wenzake wakishaunda programu, humpa yeye aivuruge: abonyeze pasipobonyezwa, aandike herufi panapotakiwa tarakimu, afanye kila ujinga ambao mtumiaji atakuja kuufanya, kisha aandike orodha ya kasoro. Ndiyo maana ofisi nzima ilimwita Mama Makosa, naye aliitika bila kinyongo, maana jina la utani ukilinunia ndipo linaponenepa.

Programu ya safari hii ilikuwa ya hospitali: kusajili wagonjwa, kuwalaza, kuwaruhusu, na, Mungu atuepushe, kuandikisha vifo vyao. Ili kuipima alihitaji mgonjwa, na mgonjwa wa kweli hachezewi. Basi akamtunga mtoto, akamwita Jaribio. Fomu ilipodai tarehe ya kuzaliwa, vidole vikaandika tarehe viliyoizoea, ya binti yake wa miaka sita. Ilipodai jina la mama, akaandika lake. Ilipodai simu, akaweka yake. Angejuaje vinginevyo kama ujumbe unafika? Wapima programu wote hufanya hivyo, na wote hujiambia ni kwa leo tu.

Akamlaza Jaribio kitanda namba tisa, akabonyeza "Amefariki". Simu ikalia: Ndugu mpendwa, mgonjwa wako JARIBIO amefariki. Pole. Akafuta, akaanza upya. Kwa wiki tatu alimzaa na kumwua mtoto yule mchana kutwa, huku anatafuna karanga.

Asubuhi hiyo, kidole kikiwa bado hewani, simu ikalia. Akasoma: Mama, fanya haraka. Nimechoka kusubiri.

"We Mbona-Kwangu!" aliita. "Mzaha gani huu?"

Mbona-Kwangu alikuwa mwandishi wa programu, kijana mtaratibu mwenye miwani. Kasoro yoyote ukimpelekea, jibu lake lilikuwa moja: "Mbona kwangu inafanya kazi?" Alikuja, akausoma ujumbe, akakagua mfumo mara mbili.

"Dada, mfumo haujatuma kitu tangu jana jioni. Haki ya Mungu."

"Basi nani kanitumia, shangazi yako?"

"Labda mtandao." Kwake mtandao ulikuwa na dhambi zote za dunia.

"Haya. Na ile kasoro niliyokuandikia? Mtoto wa chini ya miaka saba analazwa bila mlezi wa kulala naye. Fomu inaachwa wazi na inakubali tu!"

"Nitairekebisha Ijumaa. Kwani mtoto wa kwenye kompyuta naye anaogopa giza?"

"Mtoto halali hospitali peke yake, baba. Popote pale."

Wakacheka. Lakini alipobonyeza, harufu ilipita mezani pake, ile ya dawa kali ya kupigia deki wodini, na karanga mdomoni zikawa chungu. Akazitema. Akaendelea na kazi, maana Jumatatu mfumo ulikuwa unafunguliwa, na meneja hakuwa mtu wa kuelezwa habari za harufu.

Saa nane mchana mwalimu wa binti yake akapiga simu.

"Mama Kidoti, mwanao hajisikii vizuri? Leo analala darasani. Si kusinzia, mama. Anazima. Tukimtikisa anaamka kama hakuna kitu. Tumehesabu mara tisa."

Mama Makosa aliitazama orodha yake ya kazi ya asubuhi. Vifo vilivyoandikishwa: tisa. Akawa anasema ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, bila kusikia anachokiitikia.

Nyumbani alimkuta Kidoti chini ya meza, anaongea. Mtoto aliitwa hivyo kwa doti nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni, na bibi yake alikuwa akiibusu kila asubuhi.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na mwenzangu. Amechoka kufa." Kidoti alisema hivyo taratibu, kama anayesema mwenzake amechoka kukimbia. "Anasema tubadilishane. Yeye acheze, mimi nilale."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia nitamwuliza mama."

Kesho yake hakwenda kazini, alikwenda kwa mganga. Mganga mwenyewe alikuwa na chumba nyuma ya duka la kutoa fotokopi, na mashine ilikuwa ikikoroma ukutani muda wote. Alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Umempa jina?"

"Ndiyo."

"Siku ya kuzaliwa? Mama?"

"Ndiyo, lakini ni kwenye fomu tu, mzee wangu. Si mtu!"

"Hakuwa mtu. Ulijenga nyumba, ukaacha mlango wazi, sasa unashangaa kuna aliyeingia?" Alimtazama kwa huruma. "Majini wako wanaozunguka bila jina wala mama. Huyu umempa vyote viwili, kisha ukamwua, ukampa tena, ukamwua tena. Usimwue tena. Usimtoe. Mwache hapohapo kitandani, mzima. Na kitanda hicho kisije kikabaki kitupu hata dakika moja, maana kimeshazoea mtoto wa tarehe ile."

Alifanya alivyoambiwa. Alimsajili Jaribio mara ya mwisho, akamlaza namba tisa, akamwacha. Siku mbili Kidoti hakusinzia. Chini ya meza kukawa na viatu tu. Mama Makosa akamwita Mbona-Kwangu pembeni.

"Yule Jaribio wa kitanda tisa, usimguse. Usimwue. Nakuomba kama ndugu yangu."

"Dada, hiyo ni data ya majaribio. Lazima tuisafishe kabla ya Jumatatu."

"Usimwue! Mengine nitamweleza meneja mwenyewe."

Mbona-Kwangu aliona macho ya mwenzake yamejaa machozi, akaacha utani. "Simwui. Naapa."

Ijumaa saa tisa na nusu alasiri simu ilimlilia akiwa ngazini anatoka. Ndugu mpendwa, mgonjwa wako JARIBIO ameruhusiwa kurudi nyumbani.

Alizipanda ngazi mbilimbili.

"Umefanya nini?"

"Meneja kasema tusafishe yote," Mbona-Kwangu alijibu, amejaa tabasamu. "Uliniambia nisimwue, sikumwua. Nimempa ruhusa, kaondoka mzima. Na kasoro yako ya mlezi nimerekebisha pia. Sasa fomu haipiti bila mlezi, hata uibembeleze."

Hakumngoja amalize. Alikamata laptopu yake, akakimbia barabarani na jua kali likimpiga usoni, akapita watu wanaonunua mboga na watu wanaocheka, akiwaza kwamba mchana kweupe hivi hakuna baya linaloweza kutokea, na huku harufu ya dawa ya deki inamtangulia hatua chache mbele, inakata kona anazokata yeye, inavuka anapovuka, hadi mlangoni pake.

"Mbona unahema hivyo, mwanangu?" mama yake alimwuliza kutoka jikoni. "Kidoti yuko mezani. Leo karudi na njaa, anakula tu, hasemi."

Mtoto alikuwa amempa mgongo. Sare ya Kidoti, nywele za Kidoti zilizosukwa jana.

"Kidoti."

"Abee, mama."

Akageuka. Uso ulikuwa wenyewe, macho yenyewe, na shavu tupu halina kitu. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika doti.

Simu ikatetemeka mkononi. Ndugu mpendwa, mgonjwa wako KIDOTI amelazwa, kitanda namba tisa. Kabla hajapumua ukaingia mwingine: Mama, nimeamka. Kuna vitanda vingi na hakuna watu. Njoo unichukue.

Vidole vyake vilikuwa vidole vya kazi. Alifungua laptopu pale mezani, mbele ya kile kitoto, akamwandika Jaribio upya, kitanda namba tisa. Mfumo ukakataa: Mgonjwa yuko chini ya miaka saba. Jaza jina la mlezi wa kulala naye. Akajaribu kuacha wazi. Ukakataa. Akaandika herufi za ovyo, akaandika tarakimu, akatumia kila hila aliyojifunza kwa miaka saba ya kuvunja kazi za wenzake, na kila hila iligonga mwamba, kwa sababu Mbona-Kwangu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amerekebisha kitu kikarekebika.

"Siendi peke yangu," mtoto alinong'ona. "Kila mara ulinipeleka peke yangu."

Mama Makosa alimtazama. Alimwogopa hadi mifupani, na alimwonea huruma, vyote kwa pamoja.

"Nikija nawe, mwenzako atarudi?"

"Atarudi."

Kwenye simu ya taarifa akaandika ya mama yake. Kwenye mlezi akaandika jina lake. Akashika mkono wa mtoto, baridi kama sakafu, na kwa mkono wa pili akabonyeza. Simu ya bibi ikalia jikoni, na nyuma yake, chumbani alikokuacha, mbali, mbali zaidi, sauti ya Kidoti ikaita, "Bibi? Mama yuko wapi?"

Mfumo ulifunguliwa Jumatatu, na hospitali inausifu hadi leo. Manesi wana lalamiko moja: kitanda namba tisa cha wodi ya watoto, ambacho mbele ya macho yao kiko kitupu, kompyuta inasema kina mtoto na mlezi wake. Wamemwandikia Mbona-Kwangu mara kumi wakimwomba aifute kasoro hiyo.

Hajawahi kuwajibu kwamba kwake inafanya kazi. Huwajibu kwamba hiyo si kasoro, wasiiguse. Kila jioni saa kumi na mbili hupita kwa bibi na Kidoti, huketi nao mezani, wakingoja simu ilie na bibi amsomee mtoto: Ndugu mpendwa, mgonjwa wako na mlezi wake wanaendelea vizuri.