Milioni Sita za Binti Tanuru

Saa nne asubuhi simu yangu ilikufa mkononi.

Chaji ilikuwepo. Kilichokufa ni laini. Kisha kioo kikaniambia namba yangu inatumika kwenye simu nyingine...

Wasomaji wangu wote mia tatu walikuwa kwenye namba ile. Na saa tisa alasiri, siku hiyohiyo, kuna mtu alikuwa anipigie kuhusu milioni sita.

Nilikwenda kwa wakala karibu na stendi, hapa Sumbawanga mjini. Akabonyeza, akatazama, akanirudishia simu taratibu.

"Dada, laini imechukuliwa upya leo. Mwenyewe ameweka kidole."

"Mwenyewe ni mimi."

"Hapa inasoma Vitus."

Vitus ni mume wa dada yangu Jenifer.

Ndugu msomaji, naitwa Kabula. Naandika katuni. Shujaa wangu ni Binti Tanuru, msichana wa Ufipa anayevuta pumzi kama zile tanuru za zamani za kuyeyushia chuma. Akiitoa, panga la jambazi linadondoka kama uji.

Sikusomea kazi hii. Nilijifunza kwa kuhesabu: ukurasa mmoja una viboksi vingapi, kiputo kimoja kinabeba maneno mangapi. Naandika kwenye daftari, Meshack anachora, tunatuma kwenye kundi la simu. Msomaji analipa mia tano kwa kila toleo. Tunagawana nusu kwa nusu.

Wakati wa mavuno napata hadi laki na nusu kwa mwezi. Mvua zikianza, watu wananunua mbolea, hakuna anayenunua katuni. Januari nilipata elfu kumi na tisa. Miezi kama hiyo nakopa kwenye simu, nalipa mbele ya safari.

Na laini je? Sisi tulihama na ng'ombe kutoka Shinyanga nikiwa mdogo. Cheti cha kuzaliwa hakuna, kitambulisho cha taifa kila siku nasema nitakifuatilia kesho. Miaka mitatu iliyopita shemeji alinionea huruma, akanisajilia laini kwa kidole chake. Wengi tunaishi hivyo.

Niliazima simu ya wakala, nikampigia Silvana, mhariri wa Dar aliyetaka kutoa Binti Tanuru kama kitabu kwa hizo milioni sita. Hadi siku hiyo tulikuwa tukiandikiana ujumbe tu. Nikamweleza kuwa mwandishi ni mimi.

"Dada, sasa hivi nimempigia mwenye namba kukumbusha miadi yetu. Ni mwanaume. Kasema nimpigie saa tisa hiyohiyo. Na kila nilipolipia toleo, jina lililokuja ni Vitus. Wewe ni nani?"

Nikamrudishia wakala simu yake. Sikuwahi kuweka jina langu kwenye toleo hata moja. Kwa ushahidi wote uliokuwepo duniani, Binti Tanuru alikuwa mali ya shemeji yangu!

Nikapanda bodaboda hadi Msanzi, anakoishi Vitus. Njia nzima nilijilazimisha nisimhukumu mtu kabla sijamsikia. Nilishindwa. Tulipofika nilikuwa nimeshamwita mwizi mara mia moyoni.

Nilimkuta uani, simu ndogo yenye laini yangu iko juu ya goti lake. Dada Jenifer alikuwa anapeta ulezi. Hakuniangalia.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi.

"Umenichukulia laini," nikasema.

"Nimechukua jina langu."

Akaingia ndani, akatoka na karatasi. Ilikuwa barua ya chama chao cha akiba na mikopo. Msimu uliopita alikuwa ameomba mkopo wa mbolea, wakamnyima; sababu wamemwandikia juzi tu. Kwenye kumbukumbu alionekana amekopa kwenye simu mara tisa, na mara zote tisa amechelewa kulipa.

"Mimi sijawahi kukopa hata mia," alisema. "Nimebishana nao pale mbele za watu. Nimeapa. Wakanionyesha namba. Namba yako."

Dada Jenifer akaongea bila kuacha ungo. Akasema, bila mbolea, mahindi yalikuwa ya njano tangu yalipofika magotini. Mwaka juzi walivuna magunia arobaini. Mwaka huu kumi na moja.

"Nikuulize kitu kimoja," Vitus akasema. "Ulijua ile mikopo inasoma jina la nani?"

Wasomaji wangu, hapa ningeweza kuwadanganya.

Nilijua. Kila ujumbe wa kudaiwa ulianza hivi: Ndugu Vitus. Nilikuwa nausoma, naufuta, naendelea kuandika.

"Nilijua, shemeji."

Simu ikaita.

Akaweka sauti kubwa. Silvana akamsalimia, akasema mkataba uko tayari, milioni sita, kinachosubiriwa ni yeye kuthibitisha kwamba ndiye mtunzi.

Dada Jenifer aliacha kupeta. Neno moja tu, ndiyo, na hasara yote ya shamba ingelipwa leo. Nami nisingekuwa na pa kushtaki.

Vitus aliisogeza simu mdomoni.

"Dada," akasema kwenye simu, "jina langu limeshatumika kwa mambo nisiyoyajua. Sitaki litumike na kwa hili. Mimi ni mkulima. Mtunzi ni shemeji yangu Kabula, huyu hapa pembeni."

Silvana akavuta pumzi. "Basi leo hatusaini. Aje na kitambulisho chake mwenyewe. Nafasi ikiwa bado ipo, tutaongea."

Akakata.

Kumbe hakuwa ameiba kitu. Mwizi niliyemtafuta kilomita zote zile alikuwa nyuma ya bodaboda, amejifunga kitenge.

Kufuatilia vyeti kulinichukua miezi minne. Wakati huo nafasi yangu ilikuwa imepewa kitabu kingine. Nilisaini baadaye, kwa milioni nne. Nilikwenda na Vitus kwenye chama chao, nikasema mbele ya wale waliomsikia akiapa kwamba mikopo ilikuwa yangu. Nikamnunulia mbolea. Yale magunia ishirini na tisa bado namlipa, msimu kwa msimu.

Jalada la kitabu lina jina langu, Kabula. Lakini mtu wa kwanza kulisema mbele ya mhariri alikuwa mtu ambaye jina lake mimi nililichafua.

Kama laini unayosomea hapa imesajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine, mpigie leo. Muulize jina lake linaendeleaje.