Akimana Hana Kiburi

Asubuhi moja huko Lubarika, Florentine alikuwa akiwasha moto. Alimwita binti yake, "Akimana! Leta maji!"

Akimana alikuwa amechuchumaa uani, akichambua sombe, majani ya mihogo. Hakugeuka.

"Akimana!"

Mara mashine ya kukoboa mpunga ya jirani ikaanza kunguruma. Akimana akainua kichwa, akatazama upande wa mashine.

Onesphore, baba yake, aliona yote. "Unaona, Mama Akimana? Mashine anasikia. Weye mama yake, hasikii! Ndiyo kiburi ile." Akachukua fimbo.

Akimana alilia kwa sauti kubwa. "Sema basi! Baba, sema!" Kwa maneno hayo akaongezewa fimbo. Mtoto gani humwamuru baba yake?

Akimana alikuwa na miaka minane. Zamani alikuwa mpole, mwenye hadithi nyingi. Mwaka uliopita aliugua uti wa mgongo, ugonjwa ule wa homa kali na shingo kukaza. Alipopona, watu walimshukuru Mungu. Lakini tangu hapo hakumtii mtu. Na kwa kuwa bado alisema, hakuna aliyefikiria masikio yake.

Wiki hiyo mwalimu Étienne naye alimfukuza darasani. "Namuita, ananipa mugongo," alisema. Basi Onesphore akakata shauri. Jumamosi Akimana angekwenda Runingu, kwa shangazi yake, kufukuza ndege katika mashamba ya mpunga. Shule ingekuwa imekwisha.

Florentine hakulala vizuri. Alipompeleka mtoto wake mchanga kwenye chanjo, alimweleza muuguzi habari za Akimana na zile fimbo. Muuguzi alimwuliza, "Kisha ugonjwa kupita, walimupima masikio?"

"Hapana. Hakuna muntu alituambia."

Muuguzi akatikisa kichwa, akapiga simu. Siku ya Ijumaa mwanamke mmoja akashuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yao. Jina lake Bénédicte. Alitoka mtaa wa Rugenge, mjini Uvira. Alikuwa mwanasaikolojia.

Onesphore alikunja uso. "Psychologue? Mutoto yangu haiko na wazimu."

"Sikuje kutafuta wazimu, Baba Akimana," alisema Bénédicte. "Miye nasaidia batoto baziwi. Nilisoma namna mutoto anafikiri na namna anajifunza. Kisha nikakaa na baziwi wenyewe, wakanifundisha kusema na mikono. Hata kwetu Rugenge banacheka kazi yangu. Nimezoea."

"Huyu haiko kiziwi. Angalia!" Onesphore akachukua mchi wa kinu. Akasimama nyuma ya Akimana, akaupiga chini kwa nguvu. Akimana akageuka. "Umeona?"

"Nimeona. Sasa mupandishe ku kitanda. Miguu isiguse chini."

Wakaingia ndani, Akimana akakalishwa katikati ya godoro, miguu ameikunja. Baba yake akapiga mchi tena. Akimana akaendelea kuchezea ncha ya kitenge. Onesphore akapiga mara nyingine, mpaka vumbi likaruka. Mtoto hakugeuka.

"Anasikia na miguu," Bénédicte akasema. "Mashine inatetemesha udongo. Sauti yako haitetemeshi kitu. Ugonjwa ule unaweza kuua masikio na kuacha mudomo muzima. Sasa niambieni, mukimupiga anasema nini?"

Florentine akajibu polepole. "Anasema, 'Sema basi.' Na baba yake anaongeza fimbo."

"Alikuwa anaona midomo yenu inacheza, sauti haitoki. Alifikiri munamunyima sauti. Alikuwa anawaomba museme naye! Na muliongeza fimbo."

Onesphore akauweka mchi chini. Florentine alishikwa na hasira. Alimkasirikia mumewe. Alijikasirikia yeye mwenyewe. Zaidi aliwakasirikia wale waliomtibu mtoto na kumrudisha nyumbani bila neno hata moja juu ya masikio. Mwaka mzima mtoto anapigwa kwa sababu ya ugonjwa! Ni haki gani hiyo?

"Atapona?" akauliza.

"Sijui. Tutamupeleka Uvira, wamupime na mashine. Musimutie mafuta wala dawa ya majani mu masikio. Lakini masomo hayangoji. Akimana iko na akili yake yote. Mukitaka kusema naye, simameni mbele yake, mahali penye mwanga. Semeni polepole, bila kupiga kelele. Na nyumba yote ijifunze alama za mikono."

Jumatatu walikwenda shuleni wote. Jumamosi ilikuwa imepita, na Akimana hakupelekwa Runingu.

"Niko na batoto wengi," mwalimu Étienne alilalamika. "Nitamufanyia huyu moja nini?"

Florentine hakungoja Bénédicte ajibu. "Mwalimu, ulimufukuza sababu hajibu. Ulimuuliza ukiwa wapi? Nyuma yake! Bwana yangu alimupiga nyumbani, weye ukamufukuza hapa. Mutoto aende wapi? Ajitupe mu ziwa?"

Mkurugenzi wa shule, aliyekuwa akiwasikiliza, akasema mtoto arudi darasani siku hiyo hiyo.

Akimana aliketishwa mbele. Kila somo lilianza kwa neno kuandikwa ubaoni. Bénédicte alikuja mara kwa mara pamoja na Frédéric, fundi cherehani wa Uvira ambaye ni kiziwi. Frédéric ndiye aliyefundisha alama, darasani na nyumbani. Onesphore alikuwa mgumu wa vidole. Akimana alimcheka sana, naye akaacha achekwe.

Vipimo vya Uvira vilionyesha kwamba masikio hayatapona. Florentine alilia siku ile. Lakini mwisho wa mwaka Akimana alipanda darasa pamoja na wenzake.

Siku moja Florentine alipita karibu na dirisha la shule, akiwa na beseni la mihogo kichwani. Ndani, mwalimu Étienne alikuwa akiandika ubaoni huku akieleza, mgongo kwa wanafunzi, kama alivyozoea zamani. Akimana alinyoosha shingo kuutafuta mdomo wake. Darasa zima ndilo lililopiga meza na kupaza sauti kwa hasira.

"Mwalimu, geuka! Akimana hakuoni mudomo!"

Mwalimu akageuka.