Aliyesema "Naona"

Mwili wa Mathayo ulitolewa shimoni asubuhi kwa kamba za kufungia ng'ombe, na kabla haujafunikwa kanga watu wa Mitundu walikuwa wameshatoa hukumu. Amejiua, walisema. Amenyimwa bima, uongo wake umemshinda, amejitupa kwenye shimo la choo kipya. Wazee wa kigango nao walishaanza kunong'ona kwamba maiti ya namna hiyo haitaingia kanisani.

Inspekta Theodora, mpelelezi kutoka Manyoni, aliyasikia yote na damu ikamchemka. Marehemu alikuwa fundi wa kuchomea vyuma. Mtungi wa gesi ulimlipukia usoni, akapofuka macho yote mawili. Alikuwa na bima ya ulemavu, akadai haki yake. Kampuni ikamkatalia na kumwita tapeli juu. Alikata rufaa, na shauri lilikuwa lisikilizwe wiki hiyo hiyo.

"Pole sana, mama," alimwambia mjane, Yasinta. "Jana ulikuwa wapi?"

"Mnadani, afande. Nilimwacha mlangoni anakunywa uji. Narudi jioni, hayupo. Tumemtafuta usiku kucha."

"Chooni alikuwa anaendaje?"

"Anafuata kamba. Niliifunga mwenyewe, toka mlangoni mpaka choo cha zamani. Shimo jipya liko kule pembeni, kamba haifiki."

Theodora aliishika ile kamba ya katani. Watu wote walikuwa wameipita bila kuitazama. Ilianzia mlangoni, sawa, lakini haikwenda chooni. Ilipita katikati juu ya shimo na kufungwa kwenye nguzo ya uzio, ng'ambo ya pili.

"Fundo hili ni lako?"

Yasinta aliliangalia. "Mimi nafunga fundo la ndama. Hili silijui." Halafu akaelewa, akakaa chini mavumbini na kulia kwa lugha ya kwao.

Sajini Kefa alirudi kutoka nyuma ya uzio. "Kuna alama za matairi ya pikipiki, afande. Jirani anasema ni ya Antipasi, yule mkaguzi wa bima. Aliiona jana mchana."

Walimkamata Antipasi mjini Itigi, mbele ya sahani ya chipsi mayai, shati limenyooka. Kituoni alikaa kwenye kiti kama mtu aliyealikwa.

"Jana ulifuata nini Mitundu?"

"Sikufika Mitundu."

"Pikipiki yako ilikwenda peke yake?"

Antipasi alinyoosha kola ya shati.

"Haya. Madai ya Mathayo uliyakataa kwa sababu gani?"

Hapo Antipasi alichangamka. "Alijisaliti mwenyewe! Nilimrekodi. Namuuliza hali, ananijibu, 'Siku hizi naona nafuu.' Namuuliza analalaje, anasema, 'Usiku naona baridi sana.' Anaona, afande. Kwa kinywa chake mwenyewe!"

Theodora alidhani amesikia vibaya. Msomi mzima, aliyenyonya Kiswahili toka utotoni, amemnyang'anya kipofu haki yake kwa neno ambalo hata mtoto wa chekechea analielewa!

"Humu ndani kuna joto. Unaliona?"

"Ndiyo, naona..."

"Kwa jicho lipi?"

Kefa aliweka simu ya mtuhumiwa mezani. Video aliyopiga jana Mitundu alikuwa ameifuta, lakini ilikuwa bado kwenye folda ya zilizofutwa. Theodora aliitazama mara moja tu, akaigeuza simu kifudifudi.

"Nakuonya. Hulazimiki kusema lolote, ila utakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani."

Antipasi alijifuta jasho. "Rufaa ingeniumbua. Bosi alishaniuliza, ushahidi wako ni neno moja tu? Nikataka picha. Nikahamisha kamba, nikasimama ng'ambo ya shimo na simu, nikapiga hodi. Anayeona angesimama ukingoni. Ningemnasa."

"Hakusimama."

"Alikuja anatabasamu. Nilidhani anaigiza, afande. Mpaka mguu unakosa ardhi nilidhani anaigiza."

"Daktari anasema hakufa papo hapo."

Mkaguzi aliinamia sakafu. "Aliniomba nimvute."

"Ukafanyaje?"

"Nikawasha pikipiki."

Theodora alitoka nje haraka, kabla mkono wake haujafanya jambo la kumfukuzisha kazi. Simu yake ikaita. Ni meneja wa kampuni ya bima. Alitoa pole kwa sauti laini, kisha akasema kwamba baada ya tukio hili wamejiridhisha kuwa marehemu kweli alikuwa haoni. Madai yatashughulikiwa upya.

"Mlihitaji maiti ndiyo mjiridhishe?" Theodora alifoka, akamkatia simu bila kuaga.

Yasinta alikuwa kwenye benchi la mapokezi, macho yamevimba.

"Afande, niambie moja tu. Alijiua?"

"Hapana, mama. Mgeni alipiga hodi. Mume wako akasema karibu, akaenda kumpokea."

Yasinta aliinuka. Akajifunga kanga kiunoni.

"Twende Mitundu. Maneno hayo hayo ukawaambie wazee wa kigango, kwa sauti, mbele ya watu wote. Halafu nimjue atakayesimama mlangoni kulizuia jeneza la mume wangu."