Waya Uliofungwa kwenye Bomba la Maji

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumanne moja ya mwezi wa Juni, Bénita alishika sufuria ya chai iliyokuwa juu ya réchaud, jiko dogo la umeme, akauondoa mkono haraka. Chai haikumwagika. Binti yao Christa alikuwa anatafuta soksi ya pili ili aende shule, na mumewe Kataliko alikuwa mezani mbele ya rundo la fotokopi za mtihani wa mafundi, midomo ikimcheza kama mtu anayesali.

"Réchaud inaniuma tena, Papa Christa."

"Vaa kambambili."

"Niko nazo mu miguu."

"Basi shika na kitambaa. Njoo uniulize ile ya namba saba."

Walikaa Murara, mtaa wa Goma, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya jiwe la volkano. Parcelle, yaani kiwanja chao, ilikuwa na familia tatu na bomba moja la maji uani. Kataliko alikuwa fundi wa umeme tangu ujana wake Butembo, na nyumba hii aliitia waya yeye mwenyewe. Bénita alichukua karatasi kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukikoroga chai kwa kijiko cha mti.

"Fimbo ya terre inaingia namna gani?"

"Mita mbili, wima, mu udongo wenye unyevu."

"Na yetu?"

"Yetu iko mu Goma," Kataliko alisema, akacheka.

Kwa msomaji asiye wa kazi hiyo: fimbo ya terre ni chuma chenye ngozi ya shaba kinachopigwa nyundo hadi kizame ardhini. Umeme ukivuja kutoka kwenye chombo, hupita kwenye waya, ukashuka kwenye fimbo, ukapotelea kwenye udongo. Bila hiyo, unamsubiri mtu. Kule Butembo udongo ni mwekundu na mzito, na fimbo huzama kwa nyundo chache. Murara jembe hugonga jiwe kabla halijafunikwa. Kataliko alipojenga aliigonga fimbo yake mpaka ikapinda, akaikata, akasimamisha kipande kifupi ndani ya sementi. Mafundi aliowajua walifanya vivyo hivyo.

Njia iliyo sahihi ilikuwa kwenye zile fotokopi. Unavunja mtaro kwenye jiwe, unalaza humo waya wa shaba usio na ganda, unaleta udongo kutoka mbali, unaujaza na kuushindilia. Kataliko alilijua jibu hilo kwa moyo na hakukosea hata neno. Hakuwa amewahi kulichimba.

Mtihani wa brevet, cheti cha ufundi, ulimbana Kataliko kwa sababu moja. Mjenzi aitwaye Bashige, aliyekuwa na chantier, eneo la ujenzi, ya nyumba nyingi upande wa Katindo, alikuwa ametangaza kwamba hatampa tena kazi fundi asiye na brevet. Kaka yake Kataliko alikuwa kwenye machimbo ya Masisi, akimwita kila wiki kwa simu. Kataliko alikuwa amesema wazi: akishindwa mtihani, anakwenda machimboni. Mume wa dada yake Bénita alikwenda kwenye mashimo hayo hayo, na hadi leo hakuna aliyeleta habari zake. Kwa hiyo Bénita aliitaka brevet kuliko Kataliko mwenyewe. Kila swali alilouliza asubuhi lilikuwa la kumzuia mumewe nyumbani.

Mtihani ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza maandishi. Kisha mtahini angetembelea nyumba ambayo mgombea ameitia umeme mwenyewe, aifungue, aipime. Hapo ndipo kikundi cha Kataliko kilipobuni ujanja wake.

Walikuwa mafundi watano, wakikutana kila Jumamosi kwa mwenzao Laurent. Walichanga wakanunua différentiel moja, kifaa cha kwenye kofre, sanduku la swichi za umeme, ambacho hukata umeme mara tu unapovuja. Moja kwa watu watano. Ingehama kutoka nyumba hadi nyumba, ikimtangulia mtahini. Waliipa jina la Mugeni.

"Mugeni analala kwa nani leo?" Laurent aliuliza mlangoni, wiki ya ukaguzi wa nyumba, mwezi wa Julai, akiwa ameificha ndani ya koti kama kuku wa wizi.

"Analala hapa. Mama Christa, tandika kitanda!" Kataliko alijibu, na wote wawili wakacheka.

Bénita hakucheka. "Na Mugeni akirudi kwao, siye tunabaki na nini?"

"Munabaki na brevet, mama. Brevet haihamake," Laurent akasema.

Waliifunga. Bénita alipowasha réchaud, nyumba nzima ikazimika. Wakaiwasha tena, ikazimika tena. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi yake, kikiwaambia kwamba réchaud inavuja. Kataliko aliichomoa réchaud na kuisukuma chini ya kitanda.

Kilibaki kipimo cha terre. Laurent aliunganisha mashine ya kupimia, akatazama sindano, akatikisa kichwa. Kipande kile cha fimbo ndani ya sementi kilikuwa hakigusi udongo wowote. Kataliko alizunguka nyuma ya jikoni na waya wa kijani na njano, akaufunga kwenye bomba la chuma la maji. Goma mabomba mengi hulala juu ya jiwe, yakipita parcelle hadi parcelle, kwa kuwa kuyazika ni kazi ya kuvunja mawe. Bomba refu la chuma lililojaa maji linaweza kudanganya mashine. Sindano ilitulia mahali pazuri.

"Ile tiyo si ndiyo ya robine yetu wote?" Bénita aliuliza, akilionyesha bomba. "Jirani Mama Perpétue anachotaga pale."

"Ni ya siku moja tu. Wakiisha kupita, ntaitoa."

Mtahini aliitwa ingénieur Twagirimana. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alipiga magoti, akafungua kofre, akabonyeza kitufe cha différentiel, ikakata kama inavyopaswa. Alipima terre, akapima mara ya pili, akaandika. Kisha akamgeukia Bénita, aliyekuwa mlangoni mwa jiko.

"Mama, munapikaga na nini hapa?"

Mbabula, jiko la makaa, ilikuwa imewashwa makusudi, maharagi yakitokota juu yake. "Na makala, ingénieur."

"Nyumba yenye kofre muzuri hivi, na munapika na makala?"

"Courant ya umeme inakatikaga sana."

Twagirimana akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hapo umesema kweli."

Angejibiwa kwamba kuna réchaud, angeomba ichomekwe. Bénita alilijua hilo, kwa sababu alikuwa amelisoma kwenye fotokopi: vyombo vyote vya nyumba vinapimwa vikiwa vimewashwa.

Kataliko alifaulu. Bashige alimpa nyumba za kwanza kabla wiki haijaisha. Mugeni akaenda kulala kwa mgombea mwingine, na jioni hiyo hiyo réchaud ikatoka chini ya kitanda. Waya ulibaki kwenye bomba. Bénita alimkumbusha mumewe Jumapili ya kwanza, naye akasema amechoka. Alimkumbusha ya pili, akasema, "Weye sasa ndiye ingénieur?" Ya tatu hakumkumbusha. Réchaud ilikuwa imeacha kumuuma, na hilo lilimtosha.

Ilikuwa imeacha kwa sababu umeme uliovuja ulikuwa unapita kwenye waya, ukaingia kwenye bomba, ukaondoka na bomba hadi mbali.

Mwezi wa Septemba wafanyakazi walikuja kubadilisha bomba la barabarani, lililokuwa limeoza. Waliweka la plastiki. Plastiki haipitishi umeme. Kipande cha chuma cha ndani ya parcelle kikabaki peke yake juu ya jiwe kavu, kimekatiwa njia, na bado kimefungwa kwenye nyumba ya Kataliko. Hakuna aliyekiwaza. Mvua zilikuwa bado hazijakolea, na waliochota maji walikuwa na viatu.

Alasiri moja ya Oktoba mvua kubwa ilinyesha ikaacha madimbwi uani. Bénita alikuwa ameweka maharagi kwenye réchaud. Perpétue, jirani wa nyumba ya pili, alitoka pekupeku na beseni. Alikuwa msusi, wanawake wa mtaa walimfuata kwa wepesi wa vidole vyake.

"Mama Christa, leo maharagi yako yananukia hadi kwangu! Nilete sahani?"

"Leta na mafuta basi, usikuje mikono mitupu!"

Kicheko cha Perpétue kilikatika katikati. Bénita alichungulia. Mkono wa kulia wa jirani yake ulikuwa umeng'ang'ania bomba, mwili umekakamaa, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu anayeita. Mtu yeyote angekimbia kumvuta, na angekufa naye. Bénita alikimbilia ndani, akashusha swichi kubwa ya kofre. Perpétue akaanguka juu ya beseni.

Aliishi. Hospitalini waliuokoa mkono, lakini kiganja kilikuwa kimeungua hadi ndani, na vidole viwili havikukunjika tena.

Kataliko alifika kutoka chantier kabla ya giza. Hakuuliza mgonjwa yuko hospitali gani. Alizunguka nyuma ya jikoni na koleo, akakata waya kwenye bomba, akaukunja na kuutia mfukoni mwa koti. Kisha akasimama uani na Hitimana, mume wa Perpétue.

"Ni bale watu wa tiyo," alisema. "Tangu babadilishe, mambo imeharibika. Kabla yao kulikuwa na shida gani hapa?"

"Hakukuwa na shida," Hitimana akajibu, macho chini.

Bénita aliyaona na kuyasikia yote. Sehemu ya maneno ya mumewe ilikuwa kweli, na ndiyo iliyofanya uongo wake uaminike.

Tume ya mitihani ilimtuma Twagirimana baada ya siku chache. Alilikagua bomba mbele ya Kataliko, Bénita na Hitimana, akaona alama mpya iliyokwaruzwa kwenye kutu. Aliuliza ni nini kilichokuwa kimefungwa pale. Kataliko, aliyevaa koti lile lile, akasema hajui, pengine kamba ya kuanikia nguo. Mtahini alipoinama tena, Kataliko alimsogelea mkewe.

"Mama Christa, ukumbuke Masisi."

Alikumbuka. Brevet ikiondoka, mume anaondoka. Aliingia ndani, na Kataliko akadhani amekwenda kukaa kimya. Alitoka na réchaud, akaiweka chini mbele ya Twagirimana.

"Ingénieur, siku ile ulikuja nilikuambia tunapikaga na makala. Nilikudanganya. Tunapikaga na hii, na iko inavuja. Différentiel uliyoona ilikuwa ya kikundi, banaipitishaga nyumba kwa nyumba. Na pale kwenye tiyo kulikuwa waya ya terre. Iko mu mufuko ya koti yake."

"Bénita!" Kataliko alisema. Hakuwahi kumwita hivyo mbele ya watu tangu Christa azaliwe.

Twagirimana alinyoosha mkono. Kataliko akamtazama Hitimana, kisha akautoa waya. Ncha yake ilikuwa bado imepinda kwa umbo la bomba.

"Wewe ulinijibu swali la mtaro kwenye maandishi bila kukosea," mtahini alimwambia. "Ulikuwa unalijua."

"Nilikuwa nalijua."

"Basi ni vibaya zaidi."

Brevet ilifutwa. Mafundi wengine wanne wa kikundi waliitwa kupimwa upya; nyumba ya Laurent ilikutwa na kipande kifupi ndani ya sementi, sawasawa na cha mwenzake. Bashige alimpa mtu mwingine kazi ya Katindo. Katikati ya Novemba Kataliko alikwenda kwenye machimbo ya Masisi. Alipiga simu mara moja kusema amefika. Hajapiga tena.

FUNZO

Ndugu zangu wa Goma, mtihani wa fundi umewekwa kwa ajili ya yule atakayeshika bomba, sufuria na mlango wa chuma baada ya mtahini kwenda zake. Anayeiandaa nyumba yake kwa siku moja tu ameidanganya miaka yote itakayofuata. Kulijua jibu bila kulifanya hakumkingi mtu yeyote. Kunamwondolea tu aliyelijua udhuru wa kusema hakujua.

Na wewe usiye fundi, unayesema uongo mdogo ili mwenzako apite, uongo huo umefungwa mahali, na kuna mtu anachota maji hapo. Bénita aliogopa kumpoteza mume, akanyamaza, na kimya chake kilimgharimu jirani vidole kabla hakijamgharimu yeye mume. Angesema mwezi wa Julai, Kataliko angeshindwa mtihani, angekasirika, na angeweza kurudia mwaka unaofuata mikono ya Perpétue ikiwa mizima.

Jiwe letu ni gumu, nasi tunalijua. Livunjeni kabla ya kupaua. Pimeni vyombo vikiwa vimewashwa. Nunueni différentiel ibaki pale ilipofungwa. Kinachouma mkono asubuhi kisifunikwe kwa kitambaa.

Mwezi wa Desemba Hitimana na wakazi wa parcelle ile walivunja mtaro kwenye jiwe. Bénita alibeba udongo kwa magunia. Twagirimana alikuja kupima, réchaud ikiwa imewashwa, na kipimo kilitosha. Wote walisimama mbali na bomba, bado wakiliogopa. Perpétue alitoka nyumbani kwake na ndoo, akaiweka chini, akalifungua bomba kwa mkono wa kushoto.